Asali Niliyowalambisha Watoto

Wajukuu zangu wa kikundi cha nyuki, ujumbe wenu nimeupata. Mmesema niandike faida za asali ya nyuki wadogo, ukurasa mmoja au miwili, mpate kuirusha kwenye simu pamoja na picha ya chupa. Mkanitumia na tangazo la vijana wenzenu wa mjini ili nione mfano. Nimelisoma na miwani, nikalisoma tena bila miwani, maana nilidhani macho yananidanganya. Asali moja inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, ugumba, nguvu za kiume, uchovu wa mitihani na mikosi! Ningekuwa na asali hiyo ningeshamfufua marehemu mume wangu, ingawa sina hakika kama mwenyewe angetaka kurudi.

Haya, nitaandika. Ila nitaandika ninachokijua mimi, na humo ndani kuna jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya kikundi. Mkishalisoma mtaamua wenyewe kama bado mnataka sura yangu kwenye chupa zenu.

Kwa wale wageni: mimi ni Skolastika, hapa Kasulu mjini wananiita Mama Asali. Nimenunua, nimechuja na kuuza asali zaidi ya miaka thelathini, hadi magoti yalipogoma. Kazi nilifundishwa na Mzee Bitaliho wa Kumsenga, kule Kibondo, mtu mfupi, mkimya, aliyekuwa akinusa ndoo ya asali kabla ya kumsalimu aliyeibeba. Nyuki wakubwa, wale wenye mwiba, alikuwa na mizinga yao mingi porini. Lakini fahari yake ilikuwa hawa wadogo, wasiouma, wanaojificha kwenye pango la mti au ndani ya udongo na kutoa mlango mwembamba wa nta. Hawahifadhi asali kwenye masega kama wenzao. Wana vijungu vidogo vya nta, kila kimoja kama punje ya harage, na ukizubaa ukavikamua pamoja na watoto wao, umeshaharibu asali na umewaua nyuki.

"Chukua vya pembeni," aliniambia siku ya kwanza. "Vya katikati ni vyao."

"Nitajuaje katikati ni wapi, mzee?"

"Ukishaharibu viota viwili vitatu utajua."

Niliharibu vinne.

Asali yenyewe ni nyepesi, inamwagika kama maji ya matunda, na ina uchachu. Ukiiweka ulimini unaanza uchachu, unafuata utamu, halafu kwa mbali kunakuja ladha ya gome la mti. Watu wasioizoea husema imeharibika. Na kwa sababu ina maji mengi, huchacha ikiwa ndani ya chupa na kutoa hewa. Hilo Mzee Bitaliho alinieleza, mimi nikaona ananichelewesha. Nilikuwa bibi harusi mpya, nikajaza chupa hadi shingoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaiweka juu ya kabati. Jumapili wakaja wakwe. Katikati ya chakula chupa ikalipuka. Baba mkwe aliingia chini ya meza na sahani yake mkononi, na namsifu mpaka leo, ugali haukumwagika. Asali ilichuruzika juu ya vitenge vyote vya harusi yangu, na siafu wakala harusi ile wiki nzima. Kwa hiyo sikilizeni: acheni nafasi ya vidole viwili juu, wekeni mahali pa baridi, na legezeni kifuniko kila baada ya siku chache. Kijiko kiwe kikavu. Tone la maji tu linatosha kuiharakisha ichache.

Mnaniuliza pia namna ya kutambua asali feki. Mambo ya kuwasha kiberiti, ya kudondoshea kwenye karatasi, ya kuangalia kama sisimizi wanaikimbia, nimeyajaribu yote na yote yamenidanganya. Sisimizi wa kwangu wanakula chochote. Dawa ni kumjua aliyeirina, na kumjua na mti wake ikiwezekana.

Sasa faida. Kikohozi kikavu cha mtu mzima au mtoto aliyekwisha kukua: kijiko kimoja, taratibu, akiache kishuke chenyewe kooni. Kinatuliza, nimeona mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ila kikohozi kinachozidi wiki mbili kipelekeni hospitali, msikifanyie biashara. Mchubuko mdogo uliooshwa vizuri, asali safi juu yake na kitambaa safi, hukauka bila kuoza. Kidonda kikubwa au cha kuungua ni cha hospitali. Aliyetoka kuumwa, hana hamu ya kula, mwekeeni kwenye uji wa ulezi. Na mgonjwa wa sukari msimdanganye hata kidogo. Asali ni sukari, iwe imetoka kwa nyuki mdogo au mkubwa.

Upande wa jiko mwalimu wangu alikuwa Bi Zuhura. Alikuwa na duka la vitambaa jirani na kibanda changu. Baba yake alitokea Pangani akaja huku na mizigo, akaoa, akabaki. Bi Zuhura alizaliwa hapahapa Kasulu, Kiha anakijua kuliko baadhi yenu, lakini jikoni kwake ni Pwani tupu. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwagia asali hii kwenye kaimati badala ya shira, maana uchachu wake unakata mafuta. Mimi nikamfundisha migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika: chumvi, ndimu, pilipili, kaanga au choma, na asali unaipaka dakika za mwisho kabisa kwa unyoya wa kuku, maana ukiipaka mapema inaungua na samaki anakuwa mchungu. Alikula wawili akasema, "Shoga, kumbe nyie Waha mlikuwa mnatuficha." Kwenye chai ya tangawizi msiweke ikiwa inachemka. Ngojeni ifike pale ambapo mtu anaweza kunywa bila kupuliza, ndipo harufu ya maua inabaki. Na mkiweka kwenye unga wa maandazi, punguzeni moto, yanawahi kuwa meusi nje huku ndani mabichi.

Ningeishia hapo mngefurahi. Mimi nisingefurahi.

Kuna matumizi mengine ya asali hii ambayo hamkuniuliza kwa sababu mnayajua kutoka kwa mama zenu. Mtoto mchanga akilia tumbo, mlambishe. Akizaliwa dhaifu, mlambishe. Ya nyuki wadogo hasa, kwa sababu hawaumi, basi watu huamini asali yao ni ya upole na ndiyo inayofaa kwa mdomo mpole. Nami niliamini hivyo kwa moyo wote. Mzazi wa mtaani kwetu akijifungua nilikwenda kumpongeza na kichupa kidogo, bure, chenye asali mbichi kabisa isiyopitishwa motoni. Ilikuwa zawadi yangu. Watu walisema Mama Asali ana mkono mzuri, na mimi nilipenda kusikia wakisema.

Rukia, binti wa Bi Zuhura, alikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto. Maneno aliyosemwa miaka hiyo siwezi kuyaandika. Akaja kupata msichana, Salma, na Bi Zuhura alilia dukani mbele ya wateja, akampa mtu khanga mbili kwa bei ya moja bila kujua. Salma alipotimiza arobaini nikaenda na kichupa changu. Nikamlambisha mwenyewe kwa kidole, akakunja uso kwa uchachu, halafu akanyonya kidole changu. Tulicheka wote. Bi Zuhura akawa anampa tone kila asubuhi.

Sitadanganya kwamba sikuwa nimeonywa. Kwenye kliniki ya watoto pale hospitali palikuwa na nesi kijana, Esperansi. Wazazi wake ni wakimbizi wa Burundi, yeye alizaliwa kambini Mtabila kabla haijafungwa, leo ni raia kama mimi na ninyi. Alikuja kibandani kwangu kununua asali ya kumpelekea mama yake, akakiona kile kichupa kidogo, akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia ni cha mtoto.

"Bibi, naomba nikueleze kitu," akasema kwa heshima zote. "Chini ya mwaka mmoja asali haifai. Hata tone."

Nilikuwa na wateja watatu wamesimama. Nikajibu kwa sauti ili wasikie. "Mwanangu, wewe umekulia unga wa mgao kambini. Leo unanifundisha mimi asali?"

Wateja wakacheka. Esperansi alichukua chupa ya mama yake, akasema "Asante bibi," akaenda zake. Maneno yale ninayaonea aibu mpaka sasa, na sikuyaonea aibu siku ile, ndiyo maana nimeyaandika kama yalivyokuwa.

Salma alipofika miezi miwili na nusu alianza kukosa choo. Siku ya tatu, ya nne. Bi Zuhura akaongeza asali, kwa kuwa asali hulainisha tumbo. Kisha mtoto akawa hanyonyi vizuri, ziwa linamtoka mdomoni. Kilio chake kikawa chembamba kama cha paka. Asubuhi moja Rukia alimwinua na kichwa kikaanguka nyuma, na kope zikawa nzito hazifunguki sawasawa. Tukakimbia naye hospitali, mimi nimebeba mfuko wa nepi.

Daktari aliuliza, "Mtoto anakula nini?"

"Maziwa ya mama tu," akasema Bi Zuhura upesi. Alijua wazazi hugombezwa kwa kuwapa wachanga vitu vingine, na baba wa mtoto alikuwa amesimama palepale. Halafu akanitazama mimi. Rukia naye akanitazama.

Nikanyamaza.

Wakaanza kumpima malaria, wakamchoma sindano kutafuta damu, na yeye hata nguvu za kulia hakuwa nazo. Mimi nikatoka nje hadi kwenye bomba, nikanawa mikono. Nilinawa kwa muda mrefu sana, mikono ikiwa misafi tangu mwanzo. Nilijua nikisema, ndoa ya Rukia inaweza kutikisika, Bi Zuhura nimempoteza, na jina langu sokoni limekwisha. Nilijua pia kwamba kule ndani wanatafuta ugonjwa gizani na taa ninayo mimi. Niliogopa, wajukuu zangu. Mtu mzima wa miaka sitini nimesimama bombani naogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Esperansi alipita amebeba trei. Nikamshika mkono.

"Nimempa asali," nikamwambia. "Ya nyuki wadogo, mbichi. Anapewa kila siku tangu arobaini. Daktari amefichwa."

Nilingoja aniambie "si nilikuambia." Aliuliza tu, "Mara ya mwisho lini?" Nikamjibu, leo asubuhi. Akaweka trei chini palepale sakafuni akaenda mbio.

Baadaye daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Kuna vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na vumbi kama mbegu, na wakati mwingine huingia kwenye asali. Tumbo letu sisi wakubwa huvishinda, tunavila bila kujua. Tumbo la mchanga bado halijaweza, basi mbegu zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza mwili, kuanzia macho na shingo, na mwisho pumzi. Kuchemsha asali jikoni hakuziui. Alisema kwa uaminifu kwamba kipimo cha kuthibitisha hana, na kwamba watoto wengi hulambishwa wasidhurike. Lakini kwa dalili zile na kwa habari ile, hatangoja. Walimlisha kwa mpira wa puani, wakamwekea hewa, wakampeleka hospitali kubwa yenye mashine ya kusaidia pumzi. Aliniambia, "Mama, bila hiyo habari ningekaa naye hapa siku mbili natibu malaria."

Salma alikaa huko wiki nyingi. Alirudi mwembamba, mzima. Bi Zuhura hakunisemesha kwa muda wote huo, duka na kibanda vikiwa vinagusana. Nilimsalimu kila asubuhi, naye alikunja vitambaa. Mkwe wake hakumwacha Rukia, alipiga kelele siku tatu akachoka. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe ndipo Bi Zuhura akaja, akanipakatisha Salma bila salamu.

"Mshike," akasema. "Shingo imekaza sasa." Kisha akaketi kwenye ndoo yangu tukalia, wateja wakadhani tumefiwa.

Nilikwenda kliniki kumwomba Esperansi radhi kwa yale maneno ya kambi. Akasema yamepita. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayejaza daftari: "Bibi, uliwapa watoto wangapi?"

Sijui. Miaka thelathini ya vichupa, sijui. Wengi wao wako hai, wengine ni ninyi mnaosoma hapa, mlinyonya kidole changu. Lakini wapo waliokufa wachanga, kama walivyokuwa wakifa watoto huku kwetu, na tukasema ni degedege, tukasema ni jicho, tukazika. Nilianza kuwakumbuka mmoja mmoja nikiwa nachuja asali, hadi siku moja nikaacha kuchuja. Watu mnasema niliacha kazi kwa ajili ya magoti. Magoti nayo yalikuwapo.

Mmoja alinikalia moyoni kuliko wote. Adela, mwanamke wa Nyakitonto aliyekuwa akiniletea nta. Mtoto wake wa kwanza alikufa na miezi mitatu, na nilikumbuka wazi Adela akisema wakati ule kwamba shingo yake ilikuwa kama haina mfupa. Kichupa nilimpelekea mimi, kwa miguu yangu.

Nikaenda. Nilimkuta nje anamenya mihogo, sasa ni mama wa watoto wanne wakubwa. Nyuma ya migomba, mbali na nyumba, palikuwa na kibanda kidogo kinachotoa moshi. Nilikijua. Humo aliishi mama mkwe wake. Mtoto alipokufa watu walisema bibi yake ndiye aliyemla kwa uchawi, kwa kuwa alimbeba siku moja kabla hajaugua. Hawakumfukuza. Walimhamishia kule, chakula akapelekewa na watoto na kuwekewa mlangoni, na Adela hakumsalimu tena. Watoto wanne walikua bila kupakatwa naye.

Nikamwambia Adela yote. Kichupa, Salma, daktari, mbegu kwenye asali. Nikamwambia, "Sikuja kusema ni asali kwa hakika. Hakuna atakayejua. Nimekuja kwa sababu ulistahili kusikia kutoka kwangu."

Alimenya muhogo mmoja, akamenya wa pili. Nikasema moyoni, sasa atanifukuza, na ana haki.

"Kwa hiyo inawezekana si yeye," akasema.

"Sijui, mwanangu. Inawezekana hata asali siyo."

"Ego, ndiyo. Lakini inawezekana si yeye."

Akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na maharage iliyofunikwa. Mwanawe mkubwa akanyanyuka aipokee kama kawaida. Adela akamwambia, "Oya, hapana, wewe kaa," akaingia migombani mwenyewe.

Tangazo lenu andikeni mnavyopenda, lakini kwenye kila chupa, kwa herufi kubwa kuliko jina la kikundi, wekeni kwamba asali hii asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mkiuza chupa chache kwa ajili hiyo, mniletee mimi lawama.

Siku ile kwa Adela nilibaki nimekaa na mihogo ya watu, nimeangalia migomba. Mnajua sisi Waha tunavyomsalimu mkubwa, tunainama na kupiga makofi taratibu mpaka naye ajibu kwa makofi yake. Nilimsikia Adela akipiga. Akangoja, akapiga tena. Ilipita muda mrefu, kuku wakawa wamekwisha kula maganda, ndipo nikasikia mikono mingine, mikavu, ya kizee, ikijibu.